Nilipumzika kipupwe hiki, mtaa mzima ukaja kumwona mtoto

Wakuu, habari za baridi. Kaeni mkao wa kula, maana haya yamenitokea mimi mwenyewe, na nikiyakumbuka bado nacheka peke yangu jikoni. Chumvi sijatia. Iliyomo ilitiwa na majirani zangu.

Kwanza ndugu zetu wa bara naomba mtulie. Najua mtauliza baridi gani ya Mombasa. Sisi huku mwezi wa saba, kusi likivuma na manyunyu ya alfajiri, tunavaa soksi na ndala. Chekeni mkimaliza tuendelee.

Nauza mahamri na mbaazi hapa Mishomoroni. Kibanda changu kiko mbele ya nyumba tunayopanga. Baridi ikiingia ndipo biashara inanoga, kila mtu anataka kitu cha moto asubuhi. Wenzangu wanajifunika shuka, mimi niko kwenye karai.

Mwaka huu mwili ukagoma.

Mgongo unauma, kikohozi hakiishi, macho mazito. Nikajiambia nitapumzika Desemba. Asubuhi moja nikasinzia nikiwa nimesimama, mkono ukaelekea kwenye mafuta yanayochemka. Mteja mmoja akanivuta dera kwa nyuma. Nilicheka mbele ya watu, lakini nilipoingia ndani nilikaa kitandani nikautazama ule mkono. Niliogopa kweli.

Sasa mtasema, si ufunge kibanda ulale? Ngojeni niwaambie. Huku kwetu mwanamke akikutwa amelala saa nne asubuhi na hajalazwa hospitali, basi ana jina lake. Mvivu. Jina hilo nililiogopa kuliko yale mafuta.

Mume wangu, Baba Furaha, akampigia mamake simu Kaloleni. Kesho yake mavyaa wangu huyo mlangoni, jogoo kwapani, mfuko wa pilipili manga mkononi. Akanitazama toka utosini hadi unyayoni.

"Mwanangu, umechakaa. Lala."

"Abee mama, na wateja je?"

"Wateja wana mikono, wapike. Lala nimesema."

Kwa mama huyu, mwanamke aliyechoka mpaka kwenye mifupa ana dawa moja tu, nayo ni ile anayopewa mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua. Akamwita mkandaji, bibi mmoja anayekanda wazazi wote wa mtaa wetu. Nikakandwa kwa maji ya moto yenye majani. Nikapakwa mafuta ya nazi yaliyopikwa na karafuu. Nikanyweshwa uji wa pilipili manga hadi masikio yakawaka, kisha supu ya yule jogoo, kisha tumbo likafungwa mkaja kwa leso. Pazia likashushwa.

Wakuu, raha!

Nililala mchana nikaota. Sikumbuki lini niliota mara ya mwisho. Niliamka nikaulizwa nataka supu au uji, nikasema vyote.

Lakini hebu liangalieni jambo hili kwa macho ya aliye nje. Kibanda kimefungwa. Mavyaa kashuka na jogoo. Mkandaji anaingia na beseni. Harufu ya uji wa wazazi imejaa uchochoroni. Ongezeni na hili: mimi si mwembamba, na baridi ile nilikuwa navaa sweta mbili ndani ya dera.

Jioni Baba Furaha akarudi kutoka kazini Changamwe, uso kaukunja.

"Mama Furaha, watu stejini wananipa mkono. Wananiambia hongera. Mwenye duka kanipa sabuni ya mtoto. Kuna jambo sijaambiwa?"

Haki ya Mungu, aliinama akachungulia chini ya kitanda.

Nilicheka mpaka mkaja ukalegea. Mavyaa naye akacheka hadi akashika ukuta. Kitinda mimba wetu yuko sekondari, jamani!

Kisha nikatulia, wazo likanijia. Mzazi haulizwi atafungua kibanda lini. Dirishani nilimsikia mama mmoja akisema, "Mwacheni apumzike, maskini, na umri ule." Maneno matamu kama hayo sijawahi kusemewa maishani. Nikataka kunyamaza tu, niyale mpaka yaishe.

"Watakuja kumwona," mavyaa akaniambia. "Utawaonyesha nani, mimi?"

Na kweli wakaja. Mchana wa kesho yake, niko mkekani mkandaji ananikanda tena, nikasikia hodi, wakaingia kinamama na ndizi, sabuni na leso mpya ya kumfunika mtoto. Aliyewaongoza ni Mama Riziki, anayeuza samaki wa kukaanga, mwenye sauti ya kuita watu toka barabarani.

"Shikamoo mama. Hongereni! Haya, yuko wapi tumbebe?"

Ningesema amelazwa chumba cha pili, ila chumba cha pili sina.

"Hakuna mtoto," nikasema. "Nilichoka tu. Napumzika."

Uji unatokota jikoni. Nikangoja kuitwa lile jina.

Mama Riziki akaitua sabuni. Akamtazama mkandaji, akalitazama beseni, akanitazama mimi ninavyong'aa mafuta.

"Kwani mtu anakandwa hivi bila kuzaa?"

"Mgongo ni mgongo," mkandaji akamjibu, wala hakuinua kichwa.

"Mimi tangu nimzae Riziki hakuna aliyenishika mgongo." Alisema polepole, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kisha akavua viatu, akajilaza mkekani kando yangu. "Bibi, maji yakibaki nami unikande."

Weee! Hapo ndipo vurugu ilipoanza. Kila mmoja akataka awe wa pili. Mavyaa akaongeza maji kwenye uji. Mmoja akafungua zipu ya sketi palepale, mwingine akaanza kuzimenya zile ndizi tuzile wenyewe. Tulicheka mpaka Baba Furaha, aliyerudi mapema kazini, akageuzia mlangoni akasema atarudi tukimaliza.

Mama Riziki hakusikia kitu. Alikuwa anakoroma mchana kweupe, na hakuna aliyemwita mvivu. Mmoja wao akaitandua ile leso ya mtoto, akamfunika nayo.

Nilichojifunza, wakuu: nilidhani mtaa mzima unanitazama nikilala, kumbe mtaa mzima ulikuwa na usingizi.

Haya, uwanja ni wenu. Semeni ukweli, nani mara ya mwisho alikushika mgongo ukalala mchana bila kuomba msamaha? Wanaume nanyi mjibu, msijifiche.