Vigelegele Vitatu Nyuma ya Goli la Mutarakwa

Ngendo alifukuzwa kwenye uwanja wa mpira wa Mutarakwa kwa sababu aliona bao likiingia na hakujifanya kipofu. Hilo ndilo kosa lake lote. Wanaume waliomfukuza waliliita usaliti, na kwa kuwa walikuwa wengi, tena walikuwa na mwenyekiti mwenye kofia, neno lao likashika. Hata leo wazee wa Ruiru husimulia, wakicheka kwa meno machache yaliyowabakia, habari za yule mwanamke aliyeuza mechi. Hakuuza kitu. Naandika habari zake kwa sababu wao hawataziandika, na wakiziandika watajisifu.

Mutarakwa lilikuwa shamba la kahawa nje kidogo ya Ruiru, na Ngendo alikuwa mmoja wa wachumaji wake. Asidhani mtu kwamba nitamchora mjane mpole mwenye machozi. Kwanza hakuwa mjane. Mumewe alikuwa kizuizini, kama wanaume wengi walioshukiwa kuwasaidia wapiganaji wa msituni, na mwaka wa 1958 alikuwa bado hajarudishwa. Pili, upole aliuacha tumboni mwa mamaye. Alikuwa mrefu, mwembamba, na ulimi wake ulijulikana kuanzia darajani Ruiru hadi mitaa ya Thika. Kipa aliyefungwa bao mbele ya Ngendo alienda nyumbani akijua kasoro za ukoo wake hadi kwa babu.

Alilala katika kijiji kilichozungushiwa handaki, na mikono yake ni miongoni mwa ile iliyolazimishwa kulichimba. Katika kijiji hicho sauti ilikuwa hatari. Mtu aliyemwita mwanawe kwa nguvu jioni aliulizwa na askari wa kijiji anamwita nani msituni. Wanawake walijifunza kuzungumza kama wanaoomboleza: mtoto alizaliwa kimyakimya, na furaha ilinong'onwa. Mikutano ilikuwa imekatazwa. Mpira peke yake uliruhusiwa, kwani wakubwa wa shamba waliamini kwamba mtu anayekimbiza mpira hawezi wakati huohuo kufikiri. Nikiwakumbuka wanaume wetu wa siku zile, sina hakika kwamba wakubwa walikosea.

Kwa hiyo Jumapili, baada ya kanisa, nyuma ya goli la chini la uwanja wa Mutarakwa, palikuwa mahali pekee ambapo Ngendo aliweza kufungua kinywa chake chote. Hapo palikuwa pake. Alifika mapema na wanawake wengine wa shamba, akakanyaga nyasi mpaka zikalala, akafunga leso yake barabara, akaanza kazi.

Kazi yenyewe ilitokana na desturi ambayo kila Mkikuyu anaijua na ambayo sijawahi kuipenda. Mtoto wa kiume akizaliwa, wanawake hupiga vigelegele vitano. Wa kike hupigiwa vitatu. Hata kabla mtoto hajafungua macho, watu wamekwisha kumhesabia thamani, na wanaohesabu ni wanawake wenyewe. Ngendo aliichukua hesabu hiyo ya dharau akaipeleka uwanjani. Mutarakwa wakifunga bao, alipiga vitano, virefu, vya kutikisa majani ya kahawa. Wageni wakifunga, alipiga vitatu, kisha akaita kwa sauti tamu, "Hongereni! Kasichana kenu hako, kaleeni vizuri!" Mashabiki walianguka kwa vicheko. Mzaha huo ukawa sheria ya uwanja.

Ukawa sheria hasa kwa sababu milingoti ya Mutarakwa haikuwa na nyavu. Ilikuwa miti ya mkaratusi iliyosimikwa ardhini, na juu yake kamba. Nyuma ya goli la juu palikuwa na ukingo wa udongo, hivyo mpira ulioingia uligonga ukingo na kila mtu aliuona. Nyuma ya goli la chini mikahawa ilianza mara moja. Mpira ulipita katikati ya milingoti, au kando yake, ukamezwa na majani, na hapo ugomvi ukazaliwa. Refa wetu, Jeconia, alikuwa mhudumu wa zahanati ya shamba. Alitoka Nyanza, hakuwa na shemeji Ruiru wala mjomba Thika, na hiyo ndiyo sifa pekee iliyompa filimbi. Punde Jeconia aligundua kwamba hana haja ya kukimbia hadi golini kutazama alama za mpira. Alisimama, akatega sikio. Vitano, bao la nyumbani. Vitatu, bao la wageni. Kimya, mpira umetoka nje. Hakuna aliyelalamika, maana Ngendo hakuwahi kukosea.

Asifiwe kwa haki, lakini isisemwe kwamba alifanya hivyo kwa utakatifu. Alikuwa na kiburi. Wanaume walipomwomba siku moja apigie vitano mpira uliopita wazi nje ya mlingoti, alijibu, "Sauti yangu si debe la kupigwa na kila mlevi."

Basi ikaja Jumatatu ya Pasaka ya mwaka huo. Mechi iliyongojewa mwaka mzima ni ile ya Mutarakwa na timu ya shamba la mkonge la upande wa Thika. Wachezaji wa mkonge wengi walikuwa Wakamba waliotoka kule kwenye ukavu wa Ngoliba. Sisi tuliwaita Wakata Makonge, nao walituita Wachuma Buni. Walifika kwa lori, wamesimama kama kuni, kila mmoja na mlingoti mrefu wa mkonge wenye kitambaa kileleni, wakipiga madebe. Wetu waliwapokea kwa matawi ya mikahawa. Mtu aliyevunja tawi la kahawa siku ya kazi alipigwa viboko; siku ya mechi aliitwa shujaa. Hivyo ndivyo ushabiki unavyomfanya mtu mzima.

Mshindi angepewa fahali. Fahali mwenyewe alifungwa kando ya uwanja, na mwenyekiti wa kamati ya timu, nyapara Muigai, alikuwa amekwisha kumgawa akiwa hai. Alitembea na mwavuli wake akimwonyesha kila mwanakamati ubavu wake. Paja la kulia lilikuwa lake mwenyewe. Wachezaji, ambao ndio wangekimbia, waliahidiwa utumbo na supu.

Nduku, mke wa mkata mkonge mmoja, mwanamke mnene mwenye mzaha, alikuja na wenzake akasimama nyuma ya goli lilelile la chini, hatua chache kutoka kwa Ngendo. Walijuana kwa matusi ya miaka mitatu.

"Wachuma Buni! Leo mtachuma magoli mpaka debe lijae!"

"Nyinyi na miguu iliyojaa miiba, mtakimbiaje?"

"Kama mbuzi aliyesikia kwamba kesho ni Pasaka, mwaitu," alijibu Nduku, akimwita mama kwa lugha yake.

"Basi amechelewa. Pasaka ilikuwa jana."

Hata askari wa kijiji, aliyetumwa kutusikiliza, alicheka akaziba mdomo kwa mkono.

Mutarakwa walifunga kwanza, goli la juu. Ngendo, ambaye hakuwa hata karibu, alivipiga vitano mpaka fahali akavuta kamba yake. Wageni wakasawazisha, naye akawapa vitatu vyao. "Nyie mna wasichana wengi," alimwambia Nduku. "Mtapata mahari mpaka mchoke." Nduku akajibu, "Tutamwoza huyu kwa nyapara wenu, ana sura ya mtu asiyepata mke wa pili." Kisha ikaanza mvua ya masika, na uwanja ukawa uji.

Mechi ilikuwa inakaribia kwisha wakati Mbaluka, mshambuliaji wa wageni, alipouchukua mpira kwenye tope na kupiga. Kipa wetu aliteleza, akabaki amekaa kama mtu anayengoja chai. Mpira uligusa mlingoti upande wa ndani, ukapita, ukaingia kwenye mikahawa.

"Nje!" walipiga kelele wanaume wa Mutarakwa, wote pamoja, wakiwamo wale waliokuwa wamegeukia upande wa fahali. "Nje! Nje!"

Jeconia alikuwa katikati ya uwanja, matope magotini. Hakuona. Aliinua mkono, akasimama, akatega sikio.

Ngendo alikuwa ameona. Alikuwa karibu na mlingoti kiasi kwamba tope la mpira lilimrukia usoni. Muigai alikuja mbio, mwavuli mkononi, akafika nyuma yake akasema kwa sauti ya chini, "Nyamaza tu, mama. Hakuna anayekuambia useme uongo. Nyamaza."

Akanyamaza. Lazima niliseme hilo pia, kwa kuwa ndilo lililomuuma baadaye. Kwa muda alinyamaza kweli, na uwanja mzima ukasikia mvua. Jeconia akaanza kushusha mkono. Ndipo Nduku, bila hasira, kama jirani anayeuliza habari dirishani, alimgeukia akasema:

"Mwaitu, tumezaa au hatukuzaa?"

Ngendo alifungua kinywa. Kigelegele cha kwanza kilitoka kimekatika. Cha pili kilinyooka. Cha tatu, wanasema, kilisikika hadi barabara ya Thika.

Jeconia akapuliza filimbi akaonyesha katikati. Muda si muda mechi ikaisha, mabao mawili kwa moja. Fahali alipandishwa kwenye lori la wageni, akiwa na mapaja yote mawili, hata lile la Muigai.

Kamati ilikutana kesho yake kwenye kibanda cha kukobolea kahawa. Wanaume saba, wengine wao wakiwa hawajawahi kuupiga teke hata mpira wa matambara, walikaa kumhukumu mwanamke aliyesimama.

"Wakamba walikupa nini?" aliuliza Muigai.

"Waliniuliza swali."

"Ungenyamaza! Nani angekulaumu?"

"Uwanjani kwetu kunyamaza ni kusema mpira umetoka nje, Baba Nyawira. Mlifurahia sheria hiyo ilipowala wengine."

Mmoja wao, mwenye sauti laini ya kanisani, alisema kwamba wasiwe wakali. Mwanamke hana timu, hufuata kelele tu. Ngendo alimtazama mpaka akainamisha kichwa.

"Mimi nilizaliwa kwa vitatu," akasema. "Mama yangu angeweza kunyamaza pia, maana alitaka mvulana. Lakini nilikuwa nimezaliwa."

Wanaume wale saba wakatoa amri. Waliamua kwamba tangu siku hiyo mwanamke yeyote hatasimama nyuma ya goli, wala ndani ya kamba ya uwanja. Sababu waliyotangaza ni kwamba vigelegele vinawatia askari wasiwasi. Askari mwenyewe, aliyekuwa amecheka mpaka akaziba mdomo, hakuulizwa.

Hivyo Ngendo akapoteza mahali pake. Jumapili alikaa mlangoni pake, ndani ya mzunguko wa handaki, akisuka kiondo na kinywa kimefungwa, akisikia kwa mbali kelele za wanaume. Walisimama wao nyuma ya goli, na kwa kuwa hawakujua kupiga vigelegele, walipiga mayowe. Kila mpira uliokwenda upande ule ulikuwa bao la Mutarakwa. Jeconia alivumilia mechi chache, akaacha kutega sikio, akarudi kutazama alama za mpira kwenye nyasi, nao wanaume wakafika kabla yake kuzikanyaga. Mechi mbili hazikwisha kwa sababu ya ngumi. Ulipofika wakati wa mechi ya marudiano ya Desemba, watu wa mkonge walituma neno kwamba hawataleta timu Mutarakwa mpaka moja kati ya mambo mawili litendeke: goli la chini lifungwe wavu, au yule mama arudishwe mahali pake.

Muigai alimfuata Ngendo kwenye mikahawa, bila kofia.

"Rudi Jumapili," alisema. "Kamati imekusamehe."

"Imenisamehe nini?"

"Yameisha hayo. Ila usikilize: vya kwetu piga. Vya wageni, sema umeingiwa na mdudu kooni."

Ngendo hakuacha kuchuma.

"Basi mnataka debe, Baba Nyawira. Madebe yako stoo, na hayaoni."

"Wewe mama, unajua wenzako wote wamefungiwa nje kwa ajili yako?"

"Waambie ni kwa ajili ya paja la ng'ombe. Wataelewa."

Alijua anachokikataa. Hakuwa na mahali pengine pa kupaza sauti, na kilichotakiwa kwake ni kidogo tu, kikohozi kimoja mara mojamoja. Alitia buni kwenye kikapu akahamia mkahawa mwingine.

Wanaume wale walikuwa na mambo mawili ya kuchagua, na moja lilihitaji tu kumwambia mwanamke kwamba alisema kweli. Walichagua lile lingine. Walituma mtu Thika kutafuta kamba za mkonge, na kamba hizo zilisokotwa na wanawake wa shamba la mkonge lenyewe, Nduku akiwa mmoja wao.

Nyavu za kwanza zilifungwa kwenye milingoti ya Mutarakwa Jumamosi, tarehe 13 Desemba 1958. Amri ya kuwazuia wanawake haijafutwa.