Lori Lililochemsha Mlimani Tu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya shamba la mkonge hapa Kilosa, sikupewa spana. Nilipewa amri. Mkuu wa Karakana, bwana mmoja mfupi asiyecheka ovyo, alininyanyulia mkono wake wa kulia wenye vidole vitatu akasema, "Hapa boneti haifunguliwi injini ikiwa inaunguruma." Vidole viwili vilikatwa na feni ya trekta, na hakuna fundi aliyethubutu kumbishia.

Mimi nilikuwa kijana wa kujiamini, na sioni haya kusema nilikuwa na sababu. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, chuma nilikizoea tangu utotoni.

Shamba lilikuwa na lori la kupeleka marobota ya mkonge Mikumi. Dereva wake, Mzee Chande, alituzidi umri sisi sote, Mkuu akiwemo. Lakini Mkuu, kwa ajili ya cheo chake, alimwita "dereva" tu, na shikamoo hakuwahi kumpa. Sote tuliliona hilo.

Basi lori likaanza kuchemsha, maji yanafoka na mvuke unatoka kwenye rejeta, lakini milimani tu. Tulibadilisha themostati, kile kilango kinachoyaruhusu maji yapite injini ikipata moto. Tukazibua rejeta, tukakaza mkanda wa feni. Wapi! Likikutana na mlima, linachemsha.

Meneja wa shamba akachoka. Akasema kosa ni la dereva, anapanda mlima na gia kubwa, na lori likichemsha tena, kazi hana. Mkuu hakumtetea. Mzee Chande alikaa kwenye ngazi ya lori akirudia yale aliyoyasema tangu mwanzo: kwenye tambarare lori halina neno, ila akikanyaga mafuta sana ndipo joto linapanda. Tulikuwa tumeyasikia mpaka tukaacha kuyasikiliza. Iliniuma sana kumwona mtu mzima vile.

Ndipo nikajiuliza: kama kosa linakuja akikanyaga mafuta, sisi tunaozima injini kabla ya kufungua boneti tutalionea wapi? Nikauminya mpira wa chini wa rejeta, ule unaopeleka maji yaliyopoa kwenye pampu. Ulikuwa umelegea kama soksi kuukuu. Nikamfuata Mkuu, nikamwomba tufungue boneti injini ikiunguruma.

Ule mkono wake akautia mfukoni.

"Leta tochi," akasema. "Nitatazama mwenyewe."

Mzee Chande akawasha, tukaiacha injini ipate moto, kisha tukamwashiria akanyage mafuta. Mkuu aliinama karibu na feni, jasho likimtiririka shingoni, na mimi najua halikuwa la joto. Mbele ya macho yetu mpira ukanywea, ukawa bapa. Pampu ilikuwa inavuta kwa nguvu, na springi iliyotakiwa kuutanua mpira kwa ndani ilikuwa imeliwa na kutu, hivyo maji hayakupata njia. Mzee alipoachia mafuta, mpira ukarudi mviringo, utadhani haujafanya kitu.

Mkuu akainuka, akaenda hadi kwenye mlango wa lori.

"Shikamoo, Mzee Chande."

Mzee alizima injini kwanza, akateremka.

"Marahaba," akajibu, akampa mkono, naye Mkuu akautoa ule wenye vidole vitatu.

Kutoka hapo Mkuu alikwenda moja kwa moja kwa Meneja. Tulifunga mpira mpya, lori likapanda mlima na mzigo wake wote, na Mzee Chande aliliendesha mpaka alipostaafu kwa hiari yake.

Baadaye nilihamia Mikumi, nikawa fundi mkuu kwenye gereji ya malori, na huko nimetibu injini ambazo wenzangu walishazikatia tamaa. Sasa nimepumzika nyumbani kwangu Magomeni, hapa hapa Kilosa. Vijana wananiletea magari yanayochemsha, wameshika mashine zao za kusoma hitilafu, na ni mashine nzuri, siwaonei wivu. Ila nikiwauliza dereva yuko wapi, wanatazamana. Wamemwacha nyumbani. Nawaambia wakamlete kwanza, na wakimkuta wamwamkie.