Risasi za Kijani za Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi wa lifti, mzaliwa wa Lubumbashi. Kila Jumamosi alishuka kwenye chumba cha chini cha nyumba yetu ya Evere, huku ughaibuni, kutengeneza risasi za bastola yake kubwa, ile ya kulengea shabaha klabuni. Aliyeyusha plomb, ile madini ya risasi, akaimimina kwenye kalibu, kisha akazipaka risasi unga wa rangi ya kijani na kuzioka katika oveni ndogo mpaka rangi ishike. Bila rangi ile, alisema, plomb hunata ndani ya mtutu na bastola hukosa shabaha. Baruti aliipima kwa makini, ganda moja baada ya jingine, kama mtu anayempimia mtoto dawa.

Mimi natoka Bukavu. Milio ya risasi ndiyo iliyonitoa kwetu. Chumbani kule sikukanyaga hata siku moja, naye hakunilazimisha. Alikuwa akioga na kubadili nguo kabla ya kuja mezani, ili nisisikie harufu.

Aliniomba mara moja tu.

"Maman, kesho nitajaribu zile za mupya. Twende wote? Utanikalia inje, bon, hautasikia sana."

"Unajua siwezi," nilimjibu bila kugeuka. Nilikuwa naosha sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

"Haina shida," alisema.

Kesho yake hakwenda. Alisingizia mvua, kumbe kifua kilikuwa kinambana. Jumanne alianguka kazini. Hospitalini walinikabidhi viatu vyake ndani ya mfuko.

Baada ya mazishi, polisi waliruhusu bastola ihamie kwa rafiki yake wa klabuni, Mkatanga mwenzake aliyekuwa na kibali. Alipokuja kuichukua, alikuta pia boksi la risasi hamsini ambazo hazijapigwa.

"Hizi alizitesekea sana, maman," alisema. "Mi nitazijaribu, après nitakuelezea."

"Nitakuja mwenyewe," nilisema, nikajishangaa.

Klabuni nilisimama nyuma ya kioo, masikio yamezibwa. Mlio wa kwanza ulipenya hata hivyo. Nikashika ukingo wa benchi. Rafiki yake aliweka bastola chini, akageuka kunitazama. Nikamwashiria aendelee. Alipiga sita, akajaza tena, akapiga sita nyingine, hadi boksi likaisha. Kisha akamulika ndani ya mtutu, akaniita.

"Ona, maman. Propre, safi kabisa. Hakuna plomb hata kidogo."

Akaleta karatasi ya shabaha. Matundu yalikuwa yamesongamana katikati, mengine yameungana. Niliyafunika yote kwa kiganja kimoja.

"Zote fasi moya," alisema. "Mwaka muzima alikuwa anatafuta hii. Alipata, na hakujua."

Alilia pale pale, mtu mzima, mgongo ameuegemeza ukutani. Mimi machozi hayakunitoka. Nilimuuliza rafiki yake: mume wangu angefanya nini kama angekuwepo?

"Yeye? Angeimba! Kila mara zikienda muzuri alikuwa anaimba, anacheza, watu wote banacheka. Donc, nyumbani hakukuwa anaimba?"

Nilimwambia hapana. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na sijui hata alikuwa na sauti ya namna gani. Nikamwomba aniimbie wimbo wenyewe. Akajaribu kidogo, akaniomba radhi. Maneno, alisema, marehemu aliyajua peke yake.