Mpimaji wa Nyama Iliyoungua

Yule mpimaji wa maabara atanitoa roho. Wachimbaji wanatoka kwenye mashimo ya dhahabu na njaa zao, yeye amekaa mbele ya jiko langu la nyama choma, anachomeka kipimajoto kwenye nyama na kuandika. Vidole vyake vimebabuka kwa asidi, lakini kipande kilichoungua hukishika kama anashika yai. Eti sukari na protini zikikutana motoni huzaa sumu; lazima asage na kupima vipande vitatu vya nyama ileile, aone kama majibu yanalingana. Jana Werema, mchimbaji, alikimeza cha tatu, akamcheka mpimaji: "Mura, kijana, sisi hata dhahabu tunapima mara moja!" Nikamwambia mpimaji aandike namba yoyote tu, nani atajua? Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. Akawatupia mbwa vile viwili vilivyobaki. "Naomba tuanze upya, mama." Nikasonya, nikaongeza mkaa.