Randa Niliyopewa Bure

Kila asubuhi, kabla hata sijabandika chai, nilikuwa nasikiliza matangazo ya vifo redioni nikiwa na kalamu mkononi. Nilianza na kituo cha Kimeru, kisha nikahamia cha Kiembu. Watu wengine husikiliza wajue kama aliyefariki ni jamaa yao. Mimi nilingoja neno moja tu: fundi. Mtangazaji akisema marehemu alikuwa fundi seremala, naandika kijiji, naandika kanisa atakakozikwa, halafu nahesabu mwezi mmoja mbele ili machozi yakauke kidogo. Mume wangu alinitania kwamba hakujua ameoa fisi. Nilimjibu kwamba fisi huyo ndiye anayelipa umeme, na kwamba wahenga hawakuwa wajinga waliposema kufa kufaana. Tulikuwa tunacheka. Siku hizi mimi sicheki.

Kazi yenyewe ni kununua vifaa vya zamani vya mikono, randa, tezo, patasi, misumeno yenye vipini vya mbao, na kuviuza kwa watu wanaovikusanya. Hao hawavitumii. Wanaviangalia. Niliingia kazi hii kwa bahati tu. Nilikuwa nauza mitumba Meru mjini, na keekee ya marehemu baba yangu, ile ya kuzungusha kwa mkono ukitoboa mbao, niliitumia kukandamiza turubai lisipeperuke. Mzee mmoja mstaafu kutoka Nairobi, aliyekuwa mhandisi, akapita, akaiona, akapiga magoti pale pale kwenye matope. Nilidhani ameangusha kitu. Akainunua, akaniachia namba ya simu, akasema nikipata nyingine nimpigie.

Nilipata nyingine, na hapo ndipo nilipojua kwamba kazi ya kuuza uzee ina masharti yake. Mimi nimekulia Kanyakine, na kwetu kitu kichafu hakitoki nje ya boma. Hata jogoo wa kupelekwa sokoni mama yangu alikuwa akimwosha miguu. Kwa hivyo patasi sita nilizopata niliziloweka kwenye dizeli, nikazisugua kwa msasa mpaka zikang'aa, nikapaka vipini vanishi. Nilimpelekea mzee yule nikiwa na kiburi kama cha mama aliyemleta mtoto wake kubatizwa. Alizishika moja moja, akazirudisha kwenye gunia, akaniambia kwa upole kwamba nimeziua. Alichotaka yeye ni ile kutu, ule weusi wa jasho kwenye kipini, zile herufi za mwenyewe zilizochomwa kwa msumari wa moto. Vyote hivyo nilikuwa nimevifuta kwa mkono wangu. Nilipanda gari kurudi Meru nimenuna hadi Chuka.

Basi nikajifunza kuacha uchafu. Lakini kulikuwa na shida nyingine. Watu wa vyuma kuukuu walikuwa wananitangulia kila mahali. Niliwahi kwenda mpaka Timau, na ile baridi yake ya kuuma masikio, kufuata msumeno wa fundi mmoja, nikakuta watoto wake wameuza boksi zima la vifaa kwa kilo, pamoja na sufuria zilizotoboka. Tena kulikuwa na wauzaji wenzangu waliofukia nyundo mpya kwenye samadi ili zizeeke haraka. Mzee wangu wa Nairobi alidanganywa nazo mara mbili. Tangu hapo akakataa kununua kifaa kisichokuwa na habari zake. Alitaka kujua kilikuwa cha nani, kilitengeneza nini, mkono gani ulikishika. Ndiyo sababu ya redio. Na ndiyo sababu nilianza kwenda kwa wajane.

Niseme ukweli, niliifanya kazi hiyo vizuri. Nilifika na sukari kilo mbili, majani ya chai na mkate. Nilivaa kitambaa cha kichwa. Kabla ya kusema lolote juu ya vifaa niliomba ruhusa tufanye maombi, na nikiomba mimi, watu hulia. Nyumba zetu ni za dini. Mtu aliyeanza na maombi hafukuzwi. Tukishasema amina, boksi la marehemu hutolewa lenyewe.

Ndivyo nilivyofika Gachoka. Marehemu alikuwa fundi aliyejulikana pande zote za Mbeere, na mjane wake alikuwa mama wa miaka sabini na zaidi, mwembamba, mkavu, mwenye kuongea polepole. Joto la huko lilinitoa jasho hadi mgongoni, na yeye alikuwa amekaa uani anapepeta ndengu kana kwamba jua halimhusu. Tukaomba. Tukanywa chai. Akanitolea boksi, nikachagua, tukakubaliana bei bila kuvutana. Ilibaki randa moja tu, ambayo haikuwa ndani ya boksi. Ilikuwa kwenye rafu sebuleni, karibu na picha ya mazishi.

Niliishusha nikaigeuza. Ilikuwa ya mbao tupu isipokuwa kile kisu chake. Mzee alikuwa ameichonga mwenyewe kutoka kwa mti wa mukau alipokuwa kijana, na kwa miaka yote aliyoitumia, kidole gumba chake kilikuwa kimechimba shimo upande mmoja. Shimo laini kabisa. Yule mama alichukua mkono wangu akakiweka kidole changu pale, nikahisi kidole cha mwanamume mkubwa kuliko mimi. Akaniambia, bila kulia, kwamba asubuhi kabla ya kwenda shambani huweka chake hapo.

Mtu mwenye akili timamu angerudisha ile randa kwenye rafu. Mimi nilikuwa tayari namsikia mzee wa Nairobi akivuta pumzi.

Uongo ule sikuupanga. Nikisema hivyo najua ninajitetea, lakini ndivyo ulivyotoka, kama mtu anayepiga chafya. Nilisema Embu kuna chuo cha ufundi ambako vijana wanafundishwa kazi kwa vifaa vya wazee, na mwalimu huwaambia kila kifaa kilikuwa cha nani. Nilisema randa kama hii ikikaa kwenye rafu italiwa na wadudu, lakini huko jina la mzee lingetajwa kila siku. Kuku akaingia sebuleni, akatoka. Nikatoa pesa kwenye mkoba, na hapo ndipo akaupiga mkono wangu kidogo, kama unavyomkanya mtoto.

"Hiyo siuzi, mwanangu," akasema. "Kama ni ya kufundisha vijana, hiyo naitoa."

Akavua kitambaa chake kichwani akaifunga nacho.

Ningepunguziwa dhambi kama angechukua pesa. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Mtu aliyenunua kwa ujanja anaweza kujiita mfanyabiashara. Mtu aliyepewa sadaka akaenda kuiuza, sijui anaitwaje. Niliiuza wiki ile ile, na habari zake zote, hadi kile kitambaa. Jumapili iliyofuata yule mama alinipigia simu kunieleza kwamba amesimama kanisani akatoa shukrani, na kanisa zima limeniombea. Nilimjibu Mungu ni mwema. Nikazima jiko, nikasahau hata nilikuwa napika nini.

Hapo kati ilipita miezi. Nilijiambia Gachoka ni mbali na Embu, na mama mzee hana sababu ya kuzunguka mjini. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Siku moja saa tano asubuhi, nikiwa kibandani kwangu Meru, simu ikalia. Alikuwa yeye, na nyuma yake nilisikia pikipiki na watu wengi. Alikuwa ameletwa Embu kliniki kupimwa presha. Alipomaliza aliona ni vyema apite kwenye chuo aione randa ikifanya kazi. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisa, akaniambia hivyo kwa fahari kidogo. Askari wa langoni alimpokea vizuri, vijana wakampa kiti, mwalimu akamwonyesha karakana yote. Palikuwa na mashine za umeme tu. Hakuna aliyejua habari ya randa ya mbao.

"Nadhani nimekosea chuo," akasema. "Nielekeze, msichana wangu. Niko na saa mbili kabla ya gari."

Hakukuwa na hasira kwenye sauti yake. Alikuwa anaomba radhi, yeye, kwa kunisumbua. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la misumeno. Nikaanza kusema halo, halo, mama, sikusikii, mtandao unasumbua, halo. Nilimsikia waziwazi kabisa. Nilimsikia akiinua sauti kwa bidii ili nimsikie, akirudia kila neno, nikakata. Kisha nikazima simu mpaka jioni, nikimwacha mama wa watu amesimama Embu na nguo yake ya kanisa. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniamsha.

Kesho yake nilimpigia mzee wa Nairobi. Nilimwambia naitaka ile randa, arudishiwe alichonilipa na zaidi ya hapo, hata nimfanyie kazi bure. Alinisikiliza. Halafu akaniambia kwamba ile imeshapanda ndege. Alikuwa amebadilishana na mkusanyaji wa ng'ambo kwa misumeno miwili aliyoitafuta maisha yake yote. Alisema mwenzake huyo ameiweka kwenye kabati la kioo na ameandika habari zake kwa ukamilifu. Alidhani nitafurahi. Mzee wa watu hakuwa na kosa; mimi sikuwa nimemwambia lolote ila yale yaliyomfaa.

Nilimweleza mume wangu yote. Alisema nipeleke pesa na ninyamaze. Nikamjibu vibaya, nikamwambia kama ni kupeleka pesa hata mwizi anaweza, na kwamba nitaenda Gachoka nimwangalie yule mama usoni nimwambie ukweli, anitukane, anipeleke mbele ya kanisa zima akitaka. Kusema kweli nilitamani anitukane. Niliona nikitukanwa vya kutosha nitapata usingizi.

Nilikwenda siku ya Alhamisi. Safari hii sikubeba sukari. Nilimkuta ndani anapanga vikombe, akanipokea kama siku ile ya kwanza. Sikuomba maombi. Nilisema nikiwa bado nimesimama, haraka, kabla moyo haujageuka: hakuna chuo, hakukuwa na chuo, niliiuza, iko ng'ambo ndani ya kioo na haitarudi. Nikasema simu ile haikukatwa na mtandao, niliikata mimi. Nikasema niko tayari kusimama kanisani kwake Jumapili hii na kuyarudia mbele ya watu wote.

Aliendelea kufuta kikombe kimoja, ndani na nje, muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji. Akaniambia nikae. Halafu akaniambia kwamba alijua. Alijua pale pale langoni, simu ilipokatika, kwa sababu mtu asiyesikia haongei haraka namna ile.

"Nilirudi na gari la saa saba," akasema. "Akina mama wa kanisa walikuwa wananingoja hapa uani. Ndio walionichangia nauli niende nikaione. Wakaniuliza, umeiona?"

Aliweka kikombe chini.

"Nikawaambia nimeiona. Nikawaambia vijana wanaishika kwa zamu. Jumapili mchungaji akaniita mbele, nikasema tena. Sijawahi kudanganya madhabahuni tangu nibatizwe."

Nilijaribu kusema kosa ni langu. Aliinua mkono.

"Kosa lako ni lako. Lakini ukisimama kule kusema ukweli wako, utakuwa unasema na uongo wangu. Na mzee wangu ataonekana alipewa heshima ya bandia. Usiwaambie, mwanangu. Nakuomba."

Aliniomba. Mimi niliyekuja kuomba msamaha ndiye niliyeombwa, na sikupewa ruhusa ya kuutua mzigo. Nikaelewa kwamba nilikuwa nimechukua zaidi ya randa katika nyumba ile. Kabla sijajibu, mlango ukabishwa. Alhamisi ilikuwa zamu yake kupokea kikundi cha akina mama, ndiyo maana ya vile vikombe, na wakaingia wanane au tisa na vitambaa vyao vya kichwa, wakijipepea. Walipoambiwa mimi ni nani, walinishika mikono yote miwili, mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza nyimbo, akaniuliza kama kweli mwalimu huwaambia vijana ile randa ilikuwa ya nani.

Nilimwangalia mwenye nyumba. Alikuwa anamimina chai na hakuinua macho, ila birika lilisimama hewani.

Nikasema huwaambia kila siku. Wote wakasema amina, na yeye akasema pamoja nao, kisha akaendelea kumimina.