Nilimvusha Mama Evelina kwenye beseni la maji mbele ya ofisi nzima, kumbe nimemfanya mjane

Wakuu, heshima zenu.

Humu mimi ni msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu jambo hili nimelizungusha kichwani mpaka limechakaa, na kila nikilizungusha natoka mkosaji yule yule.

Nitalisema kama lilivyokuwa. Majina nimebadilisha na ofisi siitaji. Mengine yote yachukueni kama kiapo.

Nianze na mimi mwenyewe, maana kosa lilianzia kwangu kabla ya kumfikia mtu mwingine.

Nina shahada ya uzamili katika rasilimali watu. Tasnifu yangu ilihusu kile ambacho wasomi wa fani yetu hukiita personalized rituals. Yaani mtu anapobadili cheo, kituo cha kazi au hatua ya maisha, afanyiwe tendo dogo la mpito lililoshonwa kwa kipimo chake, kama nguo, badala ya keki ile ile na hotuba zile zile.

Niliamini. Sasa hivi sijui kama bado naamini.

Nilikuwa nikijifanyia hata mwenyewe. Siku nilipowasilisha tasnifu, nilikwenda uani nikakivunja kikombe nilichokinywea chai kipindi chote cha utafiti. Nilikivunja makusudi, kwa heshima zote.

Mwenzangu wa chumba alitoka mbio: "Wamekufelisha?"

Labda ningeanza kujifunza pale, kwamba tendo ambalo mfanyaji analielewa peke yake, mtazamaji analisoma kivyake.

Tuendelee.

Asili yangu ni Kasulu. Wazazi wangu ni Waha. Lakini nimekulia Morogoro, na Kiha changu ni cha salamu: nikishaitikiwa, naishiwa. Nilipopata kazi katika shirika dogo la wafugaji nyuki, lenye ofisi Kasulu na Kibondo, nilijiona nimerudi nyumbani.

Ukweli ni kwamba lilikuwa limerudi jina tu.

Pale Kasulu nilimkuta Mama Evelina, mratibu wa mafunzo. Mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye utani wa taratibu. Ukikosea kupanga mizinga anakwambia, "Nyuki wenyewe wamekucheka." Wazazi wake walitoka Burundi zamani sana, yeye amezaliwa hapa na ni raia. Tangu siku ya kwanza aliniita mdogo wangu, na kwa kweli alinilea kama mdogo wake.

Basi bodi ikamteua kuongoza ofisi ya Kibondo.

Kila mtu alifurahi isipokuwa yeye. Hakukataa, hakukubali. Mkurugenzi wetu, mtu wa Dodoma, akaniita: "Wewe ndiye mtaalamu wa watu. Kamuulize kinachomkwamisha ni nini."

Nilimkuta stoo akikagua mavazi ya kurinia asali.

"Mama, Kibondo si mbali. Unasitia nini?"

Hakuinua macho. "Mimi bado sijapita kwenye maji, mdogo wangu. Asiyepita kwenye maji hahami."

Wakuu, naomba mlishike neno hilo, kwa sababu mimi sikulishika.

Barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo inavuka Mto Malagarasi. Nikadhani anazungumzia mto. Nikamjibu, tena kwa madaha: "Mama, siku hizi daraja lipo! Hulowi hata kisigino."

Alinitazama kidogo, kisha akacheka. Kicheko kifupi. Mimi nikakichukua kama ushindi.

Nikarudi mezani nikafanya lile ninaloliweza kuliko yote: kuwaza kupita kiasi. Kuvuka maji! Kutoka ng'ambo moja ya maisha kwenda nyingine! Nilikuwa nimepewa, kwa kinywa chake mwenyewe, alama ya kumshonea tendo lake. Nilisisimka kama mwanafunzi aliyeona swali alilolisoma.

Sikumuuliza maana yake. Sikumuuliza mtu mwingine yeyote. Nilitaka iwe surprise.

Barua ya uhamisho ikatoka. Alisema "sawa" kwa sauti ya mtu anayeahirisha. Nami nikaandaa hafla.

Nilimwagiza dereva atuletee dumu la maji ya Malagarasi yenyewe. Nikatandika mkeka uani, nikaweka beseni la bluu juu yake. Nikamwalika pia shemeji yake, Meshaki, mdogo wa mumewe, anayeuza mawese na ndizi sokoni. Huyo ndiye ndugu yake pekee niliyemfahamu. Kuhusu mume, nilijua tu kwamba "yuko Burundi", na sikuwahi kujiuliza anafanya nini huko.

Alasiri ile nikashika kipaza sauti. Maneno niliyosema nayakumbuka, na natamani nisingeyakumbuka:

"Mama yetu aliniambia kwamba bado hajapita kwenye maji. Leo sisi sote tunampitisha."

Upande mmoja wa uani ukanyamaza. Nilidhani ni staha.

Mama Evelina alinitazama mimi, akalitazama beseni, kisha akamtazama Meshaki, ambaye alikuwa amesimama na kuvua kofia. Naamini kwa dakika ile angeweza kukataa. Lakini mkurugenzi alikuwa mbele, wageni wapo, na shemeji yake amevua kofia.

Alivua ndala. Akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akatoka.

Halafu, kwa kuwa sikuwa nimemaliza kuharibu, nikawaomba wote waje wanawe mikono katika maji yale "kuonyesha kwamba tumevuka naye".

Waliopiga makofi tulikuwa watatu: mkurugenzi, mhasibu wetu Bwana Shabani ambaye kwao ni Tanga, na mimi. Wengine walikuja mmoja mmoja, vichwa chini, wakanawa, wakarudi kimya. Meshaki alinawa mwisho, mpaka kwenye viwiko, huku analia. Akamshika mkono Mama Evelina.

"Hatimaye, shemeji. Asante. Sasa na sisi tutalala."

Wakuu, na mimi nikatoa machozi. Ya furaha.

Mama Evelina alizichukua ndala zake mkononi, akatoka getini bila kuzivaa.

Nilibaki nakusanya viti na Neema, dada wa mapokezi. Akaniuliza bila kunitazama: "Kaka, kwani nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi umemuua wewe."

Ndipo akanieleza, kwa upole wa mtu anayemweleza mgonjwa. Kwa familia zenye asili ya Burundi, baada ya kuzika kuna siku inayoitwa kwa Kirundi guca ku mazi, maana yake kupita kwenye maji. Wafiwa hunawa, watu hukusanyika, msiba unawekewa mpaka wake wa kwanza. Toka hapo aliyekufa amekubaliwa kuwa amekufa.

Mume wa Mama Evelina alikuwa mkazi wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Kambi ilipofungwa, alirudi kwao kutazama kama shamba la baba yake bado lipo. Alisema akishaliona atarudi kumfuata mkewe. Haikuja simu, haikuja habari, na kaburi halipo. Nduguze walikwisha kata tamaa, wakaomba wamlilie wamalize. Mama Evelina peke yake ndiye aliyekataa, miaka yote hiyo.

Asiyepita kwenye maji si mjane. Na asiye mjane haihami nyumba ambayo mumewe anaijua njia yake.

Kwa hiyo siku ile stoo hakuniambia fumbo. Alinijibu swali langu, jibu kamili, na mimi nikamtania kuhusu daraja.

Usingizi niliokosa sitausimulia. Kesho yake nilikwenda kwake. Alikuwa nje anapepeta maharage. Hakunikaribisha kiti, na anayeijua Kasulu anajua uzito wa jambo hilo.

Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kuomba radhi, yenye utangulizi. Sikufika mbali.

"Usinisomee," alisema.

Nikaikunja karatasi yangu.

"Tangu asubuhi wananipa pole. Meshaki amekwisha peleka habari mpaka ng'ambo, Burundi. Wanataka kupanga siku ya kumaliza msiba."

"Nifanye nini, Mama?"

Alipepeta ungo mara kadhaa kabla ya kujibu. "Jumapili tukitoka ibadani watakaa kwa Meshaki. Utakuja useme kwa kinywa chako kwamba hukujua. Na usiseme kwa Kiswahili."

Neema alinifundisha siku zote zilizobaki. Jumapili nikasimama sebuleni kwa Meshaki mbele ya familia, mikono sijui niiweke wapi, nikasema kwa Kirundi: "Mumbabarire. Sinari mbizi." Nisameheni, sikujua.

Nadhani nilitamka vibaya, kwa sababu wanawake wa nyuma walijifunika midomo kwa vitenge.

Meshaki hakucheka. "Mwana wa Muha," akasema, "umesomeshwa mpaka huko juu, ukakosa pengine pa kufanyia mazoezi, ukamwona shemeji yangu?"

"Ndiyo," nikasema.

"Yale maji yalikuwa ya nani?"

"Ya ofisi."

"Aliyeyachota?"

"Dereva wa ofisi."

"Aliyeita watu?"

"Ofisi."

Akakunja na kukunjua kofia yake. Kisha akasema: "Basi ofisi ndiyo iliyofiwa. Poleni sana."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Bibi mmoja alinishika mkono akanipa pole ya ofisi, nami nikaipokea, watu wakazidi kucheka. Nikamwona Mama Evelina anashusha pumzi. Kwa kicheko kile walikuwa wamemwachia: hakupita. Yalikuwa maji ya ofisi tu.

Laiti uzi huu ungeishia hapo.

Nilipotoka nilimkuta Meshaki nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ametugeuzia mgongo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Ndipo nikaelewa kwamba siku ile uani yule mtu alikuwa amemzika kaka yake, akalala usingizi. Na Jumapili, ili kumwokoa shemeji yake, alilazimika kumfufua kwa mzaha na kuanza tena kumngoja. Nilimpa maziko, kisha nikamnyang'anya.

Nilirudi kwa kunyata, nikazungukia njia nyingine.

Baada ya wiki kadhaa, jambo ambalo sikulitarajia: Mama Evelina akakubali kwenda Kibondo. Hakueleza sababu, na safari hii sikujitungia jibu. Nilikwenda tu kusaidia kupakia.

Kitu cha mwisho kupanda garini kilikuwa kiti cha mbao cha kuegemea. Nilimjua mwenye kiti bila kuambiwa. Alikifunga kwa kamba yeye mwenyewe, kikiwa kimetazama nyuma, tulikotoka.

Kisha akachukua kopo la rangi, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: TUMEHAMIA KIBONDO. ULIZA OFISI YA ASALI.

"Tumehamia." Sio "nimehamia".

Nikahisi mdomo wangu unafunguka. Kichwani sentensi zilikuwa zimeshajipanga: kwamba hili sasa ndilo tendo la mpito, kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa, limetoka kwake mwenyewe...

"Usiseme kitu," aliniambia, bila kugeuka.

Nikafunga mdomo.

Alifunika kopo, akafuta vidole kwenye kitenge, akasogea karibu nami ili dereva asisikie.

"Uliwaambia hukujua. Hilo nimekusamehe, mdogo wangu, na Mungu ameona. Lakini kuna moja sijamwambia mtu. Siku ile nilipoutoa mguu wa pili kwenye beseni, nilisikia wepesi. Kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Mume wangu yuko hai, na mguu wangu ulifurahi."

Akanitazama usoni.

"Hilo nalo utaniombea radhi kwa lugha gani?"

Akapanda gari. Nilisimama mpaka vumbi likatulia, mlango ule ukiwa nyuma yangu, rangi haijakauka.

Wakuu, nilichojifunza nakiweka kwa ufupi. Ukitaka kumfanyia mtu tendo la kuaga, muulize kwanza anaaga nini, na kama yuko tayari kukiaga. Akikujibu neno usilolielewa, usilipambe. Muulize tena, hata kama utaonekana mjinga. Mimi niliuogopa ujinga wa dakika moja stoo.

Na kuna jingine, ambalo katika tasnifu sikuliandika kwa sababu sikulijua: matendo haya yanafanya kazi. Nilikuwa sahihi, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Yanafanya kazi hata kwa mtu ambaye hakuyataka.

Beseni bado liko stoo. Hakuna anayelitumia, na hakuna anayethubutu kulitupa, mimi wa kwanza.

Maoni nitayasoma yote, na matusi pia, nayastahili. Ila kama humu yupo anayelijua jibu la swali lake la mwisho, naomba yeye aandike kabla ya wengine.