Shokapu Inayopumua

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na cheti cha masomo ya jioni kikiwa kabatini, kwamba shokapu ya nyuma ya baiskeli inapumua. Si fumbo. Inapumua kama mbuzi! Hewa, niliambiwa, huingia kwenye matundu mawili ya bolti, la juu na la chini, na mtu akiyaziba kwa vile vipete viitwavyo bushi na kukaza nati, shokapu hukosa pumzi ikafa ndani ya wiki.

Aliyeniambia ni fundi mmoja wa Unyambwa, mtu mwenye spana tatu na maoni elfu kumi. Nilimpelekea baiskeli yangu ya mtumba, ile ya milimani, ambayo niliipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Shangazi yangu ana mashine ya kutotolesha vifaranga, na kazi yangu ilikuwa kumletea mayai ya kienyeji kutoka kwa akina mama wa Mgori. Njia yenyewe ukienda na meno yote unarudi na nusu. Yai la kukaanga halijali. Yai la kutotolesha likigongwagongwa, linakufa kabla halijawa kitu. Kwa hiyo shokapu ya zamani ilipochoka nilinunua nyingine, nayo ikaja na kimfuko: bushi mbili, vipande vya pembeni vya kuizuia isiyumbe, bolti na nati zake.

Fundi alikishika kimfuko kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota panya.

"Haya madude ya nini?"

"Ya kufungia, fundi."

"Kufungia! Msomi, wewe ukilala huwa tunakuziba pua?"

Waliokaa pale kijiweni walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Na mimi, badala ya kuuliza hata swali moja, nikaongeza la kwangu. "Ni kweli," nikasema kwa sauti ya darasani, "kila kinachopanda na kushuka hubadilishana hewa." Upuuzi mtupu! Lakini walinitazama kwa heshima, na kwa heshima ya namna ile mtu huweza kumeza hata msumari.

Basi fundi akaifunga bila bushi. Bolti nyembamba ndani ya tundu pana, kama mguu wa mtoto kwenye buti la baba yake. Nati akaikaza kwa vidole tu, akabakiza nafasi ya pumzi. Kisha akajifuta mikono kama daktari aliyetoka kupasua mtu.

Safari ya kwanza ilikuwa ko, ko, ko, kutoka Mgori hadi mjini. Nina hakika hata kule Misigiri, ambako sikupita, watu walifungua milango wakidhani wana mgeni. Mimi nikajisemea: sikiliza inavyopumua vizuri.

Baada ya wiki shangazi akayamulika mayai, moja moja, mbele ya tochi. "Hayana kitu," akasema. Safari ya pili, jibu lile lile. Safari hii alizima tochi akanigeukia.

"Kuna mtu wa pikipiki anaiomba kazi hii. Umenielewa, baba?"

"Nimeelewa, shangazi."

"Mayai unayapiga ngoma njiani?"

Nikamweleza. Nikamweleza kwa kirefu, pumzi, matundu na kubadilishana hewa, mikono yangu ikipanda na kushuka kwa mfano. Shangazi, ambaye utoto wangu wote alizungusha mashine ya mkono ya kukamua alizeti, alikamata keria iliyoshikwa kwenye nguzo ya kiti, akaiinua na kuishusha. Ko. Akaweka kidole kwenye bolti ya shokapu, akainua tena. Ko.

"Vilivyokuja nayo viko wapi?"

Nikavitoa mkobani. Akaishusha shokapu, akapaka grisi kidogo tu, akaisimamisha bushi mdomoni mwa tundu. Nikamletea nyundo. Aliitazama nyundo, akanitazama mimi, nikairudisha. Akapitisha bolti nyingine ndefu yenye washa pana, kile kisahani cha chuma, kila upande, akakaza nati polepole, na bushi ikaingia yenyewe, wima, bila kupigwa. Ya pili vivyo hivyo. Akaweka vipande vya pembeni, akairudisha shokapu kwenye fremu kwa bolti zake, akakaza kwa spana mpaka mshipa ukamtoka mkononi. Akainua keria. Kimya.

Akazifunga trei tupu za mayai juu yake kwa mpira, mwenyewe, bila kumtaja tena mtu wa pikipiki. Nilipaswa kushukuru na kuondoka. Lakini elimu ya jioni haikai kimya.

"Shangazi, sasa itapumuaje?"

"Haipumui," akasema. "Ni chuma. Bushi inajaza tundu ili shokapu izunguke kwenye bolti bila kucheza. Ikicheza inagonga, na ikigonga, mayai yanaharibika."